Kujenga pikipiki kwa umbo nilipendalo, nyumbani na kwa fedha kidogo: nianzie wapi, na nisiguse nini?

Mnyororo428 anauliza:

Ndugu zangu mafundi na wapenzi wa magurudumu mawili, nawasalimu.

Ninayo pikipiki ya cc 125 ya silinda moja, inayopozwa kwa hewa, ambayo imelala chini ya turubai kwa miaka mitatu sasa. Niliachiwa na mjomba wangu alipopata nyingine, na hadi siku inaegeshwa ilikuwa ikiwaka kwa kiki ya pili au ya tatu bila kununa. Nakusudia kuibadilisha iwe na mkia mfupi, siti bapa ya mtu mmoja, usukani wa chini na taa moja ya duara, huku plastiki zote za ubavuni zikiondoka. Sina gereji. Nina kibanda chenye balbu moja, seti ya spana, grinda ndogo, jiliwa, na mashine ya kuchomelea ya vijiti ambayo jirani yuko tayari kuniazima.

Fedha yangu ni ndogo na itapatikana kwa mafungu, kwa hiyo siwezi kumudu kununua kitu kilekile mara mbili kwa sababu ya kukosea. Naomba ushauri juu ya mambo manne. La kwanza, fremu ikatwe wapi ili mkia ufupike bila kuidhoofisha? La pili, picha nyingi ninazoziona zinaonyesha kasha la hewa limetupwa na kabureta imevikwa chujio la koni. Je, hilo ni pambo tu au injini inafaidika? La tatu, waya za pikipiki hii zimeungwaungwa kwa utepe mpaka zinafanana na kiota cha ndege. Nizirekebishe au nisuke mpya? La nne, tenki lina kutu ndani na kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini karibu na mshono wa chini, nami nadhani dakika mbili za kuchomelea zingekimaliza.

Nitashukuru kwa majibu ya watu waliokwisha kushika grinda wenyewe.

TupaNaMsasa anajibu:

Ndugu, naanza na swali lako la nne kwa sababu ndilo linaloweza kukuua. Usichomelee hilo tenki. Petroli ikishamwagwa yote, mvuke wake hubaki katika kutu na katika mikunjo ya mshono, na tenki unaloliona tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke umekwisha kuchanganyika na hewa na unasubiri cheche tu. Kulisuuza kwa sabuni mara mbili hakutoshi. Wapo mafundi ambao kazi yao ni hiyo, nao hulijaza kwanza gesi isiyowaka kabla ya kusogeza moto. Kama ni lazima lichomelewe, waachie wao.

Kitundu cha ukubwa unaousema huzibika kwa epoksi inayostahimili petroli, mradi umekwangua rangi mpaka chuma king'ae. Lakini ondoa kutu ya ndani kwanza, kwa sababu asidi huwa inafichua vitundu vingine ambavyo kutu yenyewe ilikuwa imeviziba. Koroga unga wa asidi ya sitriki katika maji ya moto, jaza hadi mdomoni, acha usiku kucha, mwaga, suuza kwa maji yenye baking soda ili asidi iliyobaki iuawe, kausha, kisha zungusha mafuta mepesi ndani siku hiyohiyo, kwani chuma kilichotoka kusafishwa huanza kushika kutu mpya ndani ya saa chache.

Sasa mpangilio wa kazi. Usifungue hata boliti moja ya mapambo kabla hujaiwasha. Badilisha mafuta ya injini, weka plagi mpya, fungua kabureta uisafishe, tundika chupa ndogo ya petroli mahali pa tenki, uiwashe. Kama itawaka leo, halafu ikakataa kuwaka wiki ijayo baada ya wewe kubadilisha kitu, utajua kosa liko katika kile ulichogusa. Anayeivunjavunja yote kwa siku moja hubaki na maswali ishirini kwa wakati mmoja.

Kuhusu fremu, vuta mstari wa kufikirika kutoka kwenye shingo, pale usukani unapozungukia, hadi kwenye pini ya uma wa nyuma, yaani ule mkono unaoshika gurudumu. Chuma chote kilichopo kati ya pointi hizo mbili, pamoja na mahali shokapu zinaposhikia juu, ndicho kinachokubeba, na mtu wa nyumbani hana sababu ya kukikata, kukitoboa wala kukichomelea. Kinachokatwa ni kile kilicho nyuma ya vishikio vya shokapu tu. Ukishakata, utafunga mkia kwa bomba lililokunjwa umbo la nusu duara, lenye kipenyo na unene uleule wa bomba la fremu, na ndani ya kila kiungo utaingiza kipande cha bomba jembamba au chuma kigumu, kiingie angalau mm 30 kila upande. Toboa tundu moja au mawili ubavuni mwa bomba la nje, ujaze matundu hayo kwa weldi, halafu ndipo uchomelee mzunguko. Kiungo cha namna hiyo hakitegemei mshono mmoja.

Kabla ya kukunja chochote, fanya kipimo ambacho wengi hukiruka. Egesha pikipiki juu ya stendi imara, fungua shokapu zote mbili, kisha inua gurudumu la nyuma kwa mkono mpaka umbali kati ya matundu ya shokapu uwe sawa na urefu wa shokapu iliyobanwa hadi mwisho. Hapo ndipo tairi litakapofika siku utakapoingia shimoni kwa kasi. Acha nafasi ya mm 25 juu yake, na kumbuka kwamba boliti za siti, waya za taa na madigadi navyo vinahitaji nafasi hiyohiyo. Wakati shokapu zikiwa nje, chunguza na mnyororo: hukaza kuliko wakati mwingine wowote pale ambapo sproketi ya mbele, pini ya uma na ekseli ya nyuma vinakuwa katika mstari mmoja. Ulegevu upimwe hapo, si pikipiki ikiwa inaning'inia.

Vijiti vya mm 2.5 vitatoboa bomba jembamba la mkia mikononi mwa anayejifunza. Tafuta vya mm 2 au chini ya hapo. Fanya mazoezi kwenye mabaki ya bomba la unene uleule, kisha lifunge kwenye jiliwa ulipige nyundo. Kama mshono unapasuka kabla bomba halijakunjika, mkono wako bado haujawa tayari, wala hakuna haraka.

Spoki36 anajibu:

Namheshimu TupaNaMsasa, lakini mimi nauliza swali la kabla ya hayo yote: kwa nini ukate? Fungua siti, kibebeo cha mizigo, madigadi ya nyuma na plastiki, halafu simama mbali kidogo uitazame. Katika pikipiki nyingi ndogo, zaidi ya nusu ya huo mkia mrefu ni vitu vilivyofungwa kwa boliti, na fremu yenyewe inaishia karibu sana na pale unapotaka. Siti bapa iliyotengenezwa kwa ubao wa mbao ngumu au bati na sponji inayobana vizuri, ikakaa juu ya fremu isiyokatwa, hubadilisha sura yote, nayo inaondoleka siku ukibadili mawazo au siku mkaguzi akikuuliza. Sheria za mabadiliko ya namna hii zinatofautiana, kwa hiyo zisome kabla ya grinda, na namba ya fremu usiiguse wala usiifiche kwa rangi nzito.

Nasema haya kwa sababu yangu ya kwanza haikuwahi kukamilika. Nilianza na vitu vinavyopendeza machoni: usukani, vioo vidogo vya mwisho wa mkono, taa, vishikio vya ngozi. Nilikata mkia wiki ya kwanza. Boliti zote nilizitia katika ndoo moja, nikijiambia kwamba nitakumbuka. Miezi minane baadaye, fedha ilipokwisha, nilikuwa na pikipiki nzuri ya kutazama yenye beringi za shingo zilizokufa, tairi zilizopasukapasuka na ndoo ya boliti nisizojua hata moja inatoka wapi. Niliiuza kama vipuri, kwa fedha ndogo kuliko niliyoinunulia ikiwa nzima.

Kwa hiyo fungu lako la kwanza la fedha liende mahali pasipoonekana kwenye picha: viatu vya breki, nyaya za breki na klachi, beringi za magurudumu na za shingo, mnyororo na sproketi zake zote mbili kwa pamoja, na tairi. Usihukumu tairi kwa kina cha meno peke yake. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, na 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukishazeeka hukauka hata kama haujawahi kutembea. Unapofungua ngoma ya breki, vumbi lake lifute kwa kitambaa kibichi, usilipulize, kwa maana viatu vya zamani vinaweza kuwa na asbesto.

Jambo dogo ambalo lingeniokoa: skrubu nyingi za injini za Kijapani, na za injini zilizonakiliwa kutoka kwao, zina msalaba ambao haufanani kabisa na bisibisi ya kawaida ya nyota. Bisibisi ya kawaida haifiki chini, nayo huruka na kukila kichwa. Tafuta bisibisi ya muundo wa Kijapani, au ile ya kupigwa nyundo yenye ncha inayokaa sawasawa, na kila skrubu ikitoka iingie katika mfuko wake ulioandikwa.

Na usione haya kutumia vilivyopo. Vijana wa Uingereza walioziunda pikipiki zilizoitwa Triton katika miaka ya 1950 na 1960 walichukua injini ya pikipiki ya Triumph na kuitia katika fremu ya pikipiki ya Norton, kwa sababu walitaka injini bora ya huku na fremu bora ya kule. Hakuna aliyewauzia seti kamili ndani ya boksi.

Mnyororo428:

Nawashukuru sana, na nakiri kwamba wazo la kulichomelea tenki nimeliacha moja kwa moja. Imewaka jana jioni kwa petroli ya chupa, ingawa ilitoa moshi mweupe kwa dakika chache kisha ikatulia. Nimefungua siti na plastiki kama alivyoshauri Spoki36, na kweli fremu inazidi ninapotaka kwa kama sentimita 11 tu. Bado nasita kati ya kukata na kutokata.

Linalonitisha sasa ni umeme. Nimehesabu viungo 14 vilivyofungwa kwa utepe kati ya taa ya mbele na betri, na baadhi ya rangi za waya hubadilika katikati ya safari.

Ampea anajibu:

Suka mpya, bwana. Waya wenye viungo 14 hauponi, na pikipiki yako ina saketi chache mno kiasi kwamba mtu mwenye subira humaliza kwa mwisho wa wiki moja. Lakini kabla ya kukata waya wa kwanza, chora ramani ya uliopo kwa penseli kwenye karatasi kubwa, rangi kwa rangi, na kila plagi ya kuunganishia waya iandike jina.

Anza kwa hesabu. Jumlisha wati zote zinazoweza kuwaka kwa pamoja: taa ya mbele 35, taa ya nyuma 5, taa ya breki 21, indiketa mbili za upande mmoja 20. Hizo ni wati 81, na ukizigawa kwa volti 12 unapata ampea 6.75. Fyuzi kuu ya ampea 10 inatosha, nayo ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina kinga yoyote. Tumia waya wa mm² 2.5 kwa njia kuu, 1.5 kwa taa ya mbele, na 0.75 kwa taa ndogo. Kila kifaa kipe waya wake wa kurudi badala ya kutegemea fremu, hasa kama utaipaka rangi, kwa maana rangi haipitishi umeme na nusu ya matatizo ya taa zinazofifia hutoka hapo.

Kuna mambo mawili ambayo huwashangaza wajenzi wapya. La kwanza, katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haitoki kwenye betri. Inalishwa moja kwa moja na stata, yaani koili za kuzalisha umeme zilizo ndani ya injini (si mota ya kuwashia), kwa mkondo geu (AC). Ukiweka taa ya LED hapo itapepesa na kufa mapema. Ishushe injini hadi mlio wa chini kabisa: kama taa inafifia na kung'aa pamoja na mlio wa injini, yaelekea sana ndivyo ilivyo kwako, nawe ubaki na balbu ya kawaida. La pili, ukiweka indiketa za LED zitapepesa kwa kasi kwa sababu hazivuti umeme wa kutosha kwa rilei ya zamani, yaani kile kifaa kinachozipepesesha, kwa hiyo rilei ya kielektroniki inahitajika. Na kama dashibodi ina balbu moja tu ya kuonyesha indiketa, zote nne zinaweza kupepesa kwa pamoja, kwa kuwa umeme hupita katika hiyo balbu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Dawa ni diodi mbili (vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), moja kila upande, zote zikielekea kwenye balbu, na mguu wa pili wa balbu uende kwenye waya wa kurudi.

Mwisho wa kazi, pima betri injini ikiwa imezimwa kwa muda, kisha ikiwa katika mzunguko wa kati. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.6 au zaidi kidogo, na injini ikizunguka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipanda hadi 15, regyuleta, yaani kifaa kinachodhibiti volti, haifanyi kazi na betri itachemka.

JetiKuu anajibu:

Naona swali la chujio la koni limeachwa yatima, nami nitalijibu kwa ufupi: acha kasha la hewa mahali pake. Watengenezaji walipima urefu na ujazo wake pamoja na kabureta, na ukilitoa, hewa huongezeka bila petroli kuongezeka. Injini itasita unapofungua mafuta, itapigapiga katika ekzosi unapoachia, na itachemka kuliko kawaida. Hutapata nguvu ya maana katika cc 125, utapata kelele.

Kama umekwisha kuamua, basi nunua pia jeti kuu (kipande chenye tundu dogo linalopima petroli ndani ya kabureta) mbili au tatu zinazofuatana kwa ukubwa. Endesha mahali salama gia ikiwa ya tatu na mafuta yamefunguliwa yote kwa muda mfupi, shika klachi, zima injini papo hapo, fungua plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeupe maana yake petroli haitoshi, nyeusi yenye masizi maana yake imezidi. Kama tatizo liko katikati ya kufungua mafuta na si mwishoni, liko kwenye sindano ya kabureta: shusha klipu yake kijino kimoja, nayo sindano itakaa juu zaidi na kupitisha petroli zaidi. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, uandike.

Na tafadhali usipake rangi sasa. Ifunge yote ikiwa chuma kitupu, iendeshe kilomita mia moja, irudishe, kaza, rekebisha, toboa matundu uliyoyasahau, ndipo uifungue tena kwa ajili ya rangi. Rangi za makopo ya kawaida huyeyuka petroli ikidondoka pembeni ya mdomo wa tenki, kwa hiyo koti la mwisho liwe la vanishi ya kuchanganywa na kigumishi. Hiyo ina isosianati, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo; kazi hiyo moja ni bora kumlipa mwenye chumba na vifaa vya kupumulia.

Mnyororo428:

Nimerudi na taarifa. Nilifungua shokapu na kuinua gurudumu kama nilivyoelekezwa. Bomba nililokuwa nimelichora kwa chaki lingekuwa mm 6 tu juu ya tairi, wakati mimi kwa macho niliona nafasi ya kutosha kupitisha ngumi. Kwa hiyo nimekubaliana na Spoki36: sikati. Sentimita 11 zile nitazifunika kwa mkia wa siti, na vishikio viwili vilivyokuwepo vya kibebeo cha mizigo vinafaa kubeba taa ya nyuma. Jambo moja limebaki: kimojawapo cha vishikio hivyo kimepasuka kwenye mshono wake wa zamani, nacho kiko nyuma ya shokapu. Hicho naweza kukichomelea mwenyewe?

TupaNaMsasa:

Hicho unaweza. Toa tenki ulipeleke nje ya kibanda kabisa, tenga betri, chomoa CDI (kisanduku cha umeme kinachotawala cheche za plagi) na regyuleta, na bano la ardhi la mashine lishike chuma kilicho karibu kabisa na ufa, umeme usije ukapita katika beringi. Kwangua rangi sentimita tatu kila upande. Kama unataka kuondoa grisi, tumia asetoni uiache ikauke kabisa na chupa yake uiondoe hapo. Kamwe usitumie spreyi ya breki yenye klorini, kwa kuwa moto wa weldi huigeuza kuwa fosjini, gesi ya sumu inayoharibu mapafu. Toboa tundu la mm 3 mwisho wa ufa ili usiendelee, chimba ufa kwa tupa uwe na umbo la V, kisha chomelea kwa vipande vifupi ukipumzisha chuma katikati. Ukishapoa, weka picha ya mshono hapa kabla hujaupaka chochote.